Claude Hopkins: Mtoto wa mjane aliyeyafundisha matangazo kuuza

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi hulalamika kwamba kutangaza ni kupoteza fedha. Mtu huchapisha vipeperushi 500, akavigawa stendi ya mabasi na kwenye gulio, kisha akakaa kusubiri wateja ambao hawaji. Mwingine hulipia kibao kikubwa kando ya barabara chenye jina lake, namba ya simu na maneno ya kukaribisha watu. Mwaka ukiisha, hawezi kusema kibao hicho kimemletea mteja mmoja au 100.

Katika kazi yangu ya uchumi wa kilimo nimezoea kuwauliza wafugaji wa kuku, wauza miche na wasindikaji wadogo swali moja: tangazo lako la mwisho liliuza kiasi gani? Wengi hucheka. Wanajua bei ya mfuko wa pumba hadi shilingi ya mwisho, lakini fedha ya tangazo hutoka mfukoni bila hesabu, kama sadaka.

Swali hilo sikulibuni mimi. Aliyelifanya kuwa kazi ya maisha yake ni Mmarekani mmoja, Claude Hopkins, aliyezaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1932. Huyu alikuwa miongoni mwa waandishi wa matangazo waliolipwa fedha nyingi kuliko wote wa enzi zake. Ndugu msomaji, maisha yake yana mafunzo mengi kwa mtu mwenye mtaji mdogo, na yana onyo moja kubwa, kwa sababu ufundi huo huo uliouza vitu vizuri uliuza pia kitu kisichofaa.

Jikoni kwa watu

Hopkins alizaliwa na kukulia katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa magazeti. Claude alipofikisha miaka 10 mama yake akabaki mjane, na tangu hapo mtoto akaanza kujitafutia. Alfajiri alifungua majengo ya shule, akawasha moto na kufuta vumbi kwenye viti. Jioni alisambaza magazeti nyumba hadi nyumba.

Mama yake alikuwa akitengeneza dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha. Claude aliifinyanga katika vipande, akavifunga kwenye karatasi na kwenda kuviuza kwa majirani. Akagundua jambo ambalo hakulisahau mpaka anakufa. Alipoieleza dawa hiyo akiwa amesimama mlangoni, alimuuzia takribani mtu mmoja kati ya 10. Alipokaribishwa ndani, akachukua chombo cha mwenye nyumba na kukisugua mbele ya macho yake, karibu kila mtu alinunua.

Tangazo lake la kwanza, basi, halikuwa la maandishi. Lilikuwa kijiko kilichong'aa mikononi mwa mtu anayekitumia kila siku.

Mama alitaka mwanawe awe mhubiri, na kijana huyo alianza kuhubiri akiwa bado mdogo. Baadaye hakukubaliana tena na msimamo mkali wa dini aliolelewa nao, akaacha kazi hiyo, jambo lililomtenga na mama yake. Alikwenda Spring Lake, katika shamba la matunda la mjomba wake, akafanya kibarua cha kuchuma matunda, akaweka akiba na kwenda kusoma utunzaji wa hesabu katika mji wa Grand Rapids.

Karani wa hesabu

Katika mji huo aliajiriwa na kampuni ya Bissell, iliyotengeneza kifaa cha mkono cha kufagilia mazulia. Kampuni hiyo, tangu mwaka 1889 mwanzilishi wake alipofariki, iliongozwa na mjane wake, Anna Bissell. Hopkins alikuwa mtunza vitabu vya hesabu tu, lakini aliona haraka kwamba katika kampuni yoyote karani ni gharama, na muuzaji ni faida. Gharama hupunguzwa, faida hutafutwa. Akaamua kuhamia upande wa faida.

Nafasi ilikuja pale kampuni ilipomwagiza John E. Powers, mwandishi mashuhuri wa matangazo wakati huo, aandike kijitabu cha kukinadi kifaa hicho. Hopkins alikisoma, akaona kwamba mwandishi hakukijua kifaa chenyewe wala hakujua mama wa nyumbani anakinunua kwa sababu gani. Akaomba aandike chake, na chake ndicho kilichochaguliwa.

Baada ya hapo alipendekeza kifaa hicho kiuzwe kama zawadi ya Krismasi. Wakubwa wake hawakuwa na imani kubwa. Alituma barua 5,000 kwa wenye maduka, na zikaleta oda 1,000. Safari nyingine aliishawishi kampuni itengeneze vifaa hivyo kwa aina 12 za mbao, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, ili mnunuzi achague ya kumpendeza. Wakubwa wake walitaka azungumzie vipuri. Yeye alijua mama wa nyumbani haulizi habari za vipuri, anauliza kitu kitakavyoonekana sebuleni kwake. Kwa kampeni hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe, viliuzwa vifaa 250,000 katika wiki tatu.

Msomaji aangalie hesabu hiyo ya barua. Hopkins hakusema barua zilipendwa au zilisifiwa. Alijua ngapi zilikwenda na ngapi zilirudi na fedha.

Keki iliyojaza watu ghorofani

Kutoka hapo alihamia Chicago, katika kampuni kubwa ya kusindika nyama ya Swift. Alikabidhiwa bidhaa iitwayo Cotosuet, mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za pamba na mafuta ya ng'ombe, ya kupikia na kuokea. Tatizo lilikuwa kwamba kampuni nyingine ilikwishatangulia sokoni na bidhaa ya namna hiyo hiyo, na watu walikwishaizoea.

Hopkins alijua kwamba kuwaambia watu mafuta yetu ni bora hakutasaidia, kwani kila muuzaji husema hivyo. Duka moja kubwa la Chicago lilikuwa likifunguliwa. Akapanga na waokaji waoke keki kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana, wakitumia Cotosuet badala ya siagi, akaiweka katika ghorofa ya juu ya duka hilo. Aliwatangazia watu kwenye magazeti waje waione na kuionja, na aliyenunua ndoo ya mafuta hayo aliruhusiwa kukisia uzito wa keki ili ashinde zawadi. Katika wiki moja walipanda ngazi watu 105,000.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa sarakasi. Lakini kila aliyepanda ngazi alionja keki, na ulimi wake ndio uliompa jibu. Ilikuwa ni ile dawa ya vyombo ya mama yake, safari hii kwa watu 105,000 badala ya jirani mmoja.

Chupa zilizooshwa mara nne

Kazi nyingine ambayo hadi leo hufundishwa kwa watu wa masoko ni ile ya bia ya Schlitz, iliyotengenezwa Milwaukee. Katika mauzo ilikuwa ya tano. Watengenezaji wote wa bia walikuwa wakipigia kelele neno moja, usafi, na waliliandika kwa herufi kubwa kadiri gazeti lilivyoruhusu. Neno lile lilipita machoni mwa wasomaji kama maji juu ya bata.

Hopkins hakuandika kitu kwanza. Alikwenda kiwandani. Huko alionyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilipozwa katika hewa iliyochujwa. Alionyeshwa visima vilivyochimbwa hadi futi 4,000 kutafuta maji safi, ingawa kiwanda kilikuwa kando ya ziwa. Alionyeshwa chupa zikioshwa kwa mashine mara nne, na akaelezwa kwamba chachu yao ilipatikana baada ya majaribio 1,200. Alishangaa, akawauliza wenyeji wake kwa nini hawawaambii watu mambo hayo. Wakamjibu kwamba kila kiwanda cha bia hufanya hivyo hivyo.

Kwake yeye hilo halikuwa kizuizi. Kama wote wanafanya na hakuna aliyesema, wa kwanza kusema ndiye atakayekumbukwa. Aliandika habari za vyumba, visima na chupa kama alivyoziona, na baada ya miezi michache Schlitz ilikuwa ikigombea nafasi ya kwanza.

Hapa mkulima wetu asimame afikiri. Muuza maziwa huandika kwamba maziwa yake ni safi, na wa jirani huandika hivyo hivyo. Anayeeleza kwamba ng'ombe hukamuliwa saa 11 alfajiri, kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, maziwa huchujwa na kufika dukani kabla ya saa 2 asubuhi, amempa mnunuzi kitu cha kushika. Sharti ni moja tu, yote hayo yawe yanafanyika kweli.

Chupa iliyojaa maji

Sharti hilo ndilo lililomponza Hopkins mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika biashara ya dawa iliyoitwa Liquozone, akiwa na sehemu katika faida. Ilinadiwa kwamba huua vijidudu mwilini, na matangazo yake yalitaja orodha ndefu ya maradhi, yakiwemo pumu, kifua kikuu na saratani. Mtu alikata kuponi gazetini, akaituma, akapewa chupa ya senti 50 bure, na kampuni ikamlipa mwenye duka la dawa.

Kwa upande wa kuuza, mpango huo ulifanya kazi kwa kiwango cha kutisha. Wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa waliandika kwa wingi, na fedha zikaingia.

Mwaka 1905 gazeti la Collier's lilichapisha mfululizo wa makala za mwandishi Samuel Hopkins Adams, ambaye hakuwa yule Hopkins wa matangazo, kuhusu ulaghai katika biashara ya dawa za kutangazwa huko Marekani. Liquozone ilitajwa waziwazi. Vipimo vilionyesha kwamba ndani ya chupa kulikuwa na maji karibu matupu, yenye kiasi kidogo cha tindikali. Haikuponya saratani wala kifua kikuu. Makala hizo zilichangia kupitishwa kwa sheria ya Marekani ya vyakula na dawa ya mwaka 1906, iliyopiga marufuku lebo za udanganyifu.

Hatuwezi kulipita jambo hili haraka. Aliyenunua bia ya Schlitz, hata akiona haina tofauti na nyingine, alipoteza senti chache. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha matibabu akanywa maji ya tindikali alipoteza muda ambao hakuwa nao. Mkulima anaijua hasara ya namna hiyo. Mbegu feki iliyopambwa kwa picha nzuri kwenye mfuko haimpotezei bei ya mbegu peke yake. Inamchukulia mbolea, vibarua, mvua na msimu mzima.

Kwa Lasker

Hopkins alikuwa amechoka mwili na akili, akajitenga Spring Lake. Mwaka 1907 Albert Lasker, aliyekuwa akiongoza kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas ya Chicago, alimshawishi arudi kazini. Baadaye, kwa maelezo ya Hopkins mwenyewe, kuna mwaka aliopata dola 185,000, kiasi ambacho kilikuwa utajiri mkubwa kwa wakati huo.

Kazi zake huko zinamgusa mkulima moja kwa moja, kwa kuwa nyingi zilikuwa za mazao yaliyosindikwa. Alipopewa maharage ya kopo ya Van Camp, alituma watu wapite nyumba kwa nyumba kuuliza. Wakakuta kwamba akina mama 94 kati ya 100 walikuwa wakipika maharage yao wenyewe. Makampuni yote ya kopo yalikuwa yakigombania wale sita waliobaki. Hopkins akawageukia wale 94, akawaeleza saa nyingi wanazokaa jikoni na jinsi tanuri za kiwandani zinavyoivisha kila punje sawasawa.

Kwa kampuni ya Quaker Oats alitangaza ngano na mchele uliofurishwa kama bisi. Nafaka zilifungiwa ndani ya mtungi wa chuma mfano wa mzinga, zikapashwa moto, kisha mzinga ukafunguliwa ghafla na punje zikafumuka. Mbinu hiyo ilikuwa uvumbuzi wa mtaalamu wa mimea Alexander Anderson. Hopkins hakubuni hadithi. Aliona kwamba namna zinavyotengenezwa ni hadithi tosha, akazinadi kama vyakula vilivyofyatuliwa kwa mizinga. Bei ilipandishwa ili ipatikane fedha ya kutangaza, na mauzo yakaongezeka.

Sabuni ya Palmolive, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mawese na ya zeituni na ambayo jina lake bado lipo madukani, alianza kuitangaza katika mji mmoja mdogo tu, Benton Harbor huko Michigan. Gazeti lilitoa kuponi ya kipande kimoja cha sabuni ya senti 10, na mwenye duka alilipwa senti 10 zake kamili na kampuni. Kwa hiyo hakuna duka lililokataa kuweka sabuni hiyo. Kampuni ilisubiri ione wangapi watarudi kununua cha pili kwa fedha zao. Walirudi wengi, ndipo ikaenda mji wa pili, wa tatu, na hatimaye nchi nzima.

Dawa ya meno ya Pepsodent nayo aliitangaza kwa kuzungumzia utando unaoganda kwenye meno, na kwa kutoa sampuli ya siku 10 kwa aliyetuma kuponi. Utando upo kweli, ingawa leo tunajua kwamba kinachouondoa hasa ni mswaki unaosuguliwa vizuri. Hisa alizokuwa nazo katika bidhaa hiyo zilimpa kiasi cha dola milioni 1.

Kitabu chake

Mwaka 1923 alitoa kitabu kidogo, Scientific Advertising, na mwaka 1927 akasimulia maisha yake katika kitabu kingine. Alieleza kwamba tangazo ni muuzaji kama muuzaji mwingine yeyote, tofauti ni kuwa linazungumza na watu maelfu kwa wakati mmoja. Muuzaji asiyeuza huachishwa kazi, na tangazo nalo vivyo hivyo. Hakupenda maneno ya kujionyesha wala vichekesho. Alitaka kichwa cha habari kimwite yule tu anayehusika, maelezo yawe na tarakimu badala ya sifa, na kila kuponi iwe na alama ya kuonyesha imetoka tangazo lipi. David Ogilvy, bingwa wa matangazo wa kizazi kilichofuata, alikiheshimu mno kitabu hicho.

Hopkins alifariki mwaka 1932 huko Spring Lake, karibu na mahali alipochuma matunda akiwa kijana. Alikuwa na miaka 66.

Tufanye nini

Hatuna haja ya dola 185,000 ili kufuata mwenendo wake. Chukua mfugaji wa vifaranga mwenye fedha ya vipeperushi 200. Asichapishe vyote kwa maneno mamoja. Vipeperushi 100 vieleze chanjo walizopata vifaranga na tarehe zake, na 100 vieleze bei. Vya kwanza viwe vya karatasi ya njano, vya pili vya bluu, na kila atakayekuja nacho apunguziwe kidogo. Baada ya wiki mbili ahesabu karatasi za njano na za bluu zilizorudi. Ile iliyoleta wanunuzi wengi ndiyo achapishe tena, na nyingine aitupe hata kama aliipenda.

Muuza asali asisifu asali, aweke kijiko. Muuza miche aoneshe mti uliokwishazaa kutokana na miche yake, na aseme ulipandwa mwaka gani. Anayeanza bidhaa mpya aijaribu gulio moja kabla ya kukodi gari la kuzunguka wilaya nzima.

Na kabla ya yote hayo, mwenye bidhaa ajiulize kama kilichomo ndani ya mfuko kinalingana na kilichoandikwa juu yake. Hopkins alijua kuhesabu kuponi kuliko mtu yeyote wa zama zake, na hesabu za Liquozone zilikuwa nzuri kila wiki hadi siku gazeti lilipofungua chupa. Hesabu ya kuponi humwambia mtu kama tangazo linauza. Haimwambii kama bidhaa inastahili kuuzwa. Hilo lazima alijue mwenyewe kabla ya kwenda kwa mchapaji.